Mpanda Farasi na Kiunzi

Katika uwanda wa juu wa Mbozi, ulipo mji wa Vwawa, farasi hakupata kuwa mnyama wa nyumbani. Mbung'o wa nyika, na maradhi ya farasi yaenezwayo na visubi, yalimfungia njia. Mei 1916, majeshi ya Jenerali Northey yalipovuka mpaka kuingia pande hizi, mizigo ilikwenda vichwani mwa watu walioitwa tengatenga. Na farasi wa Van Deventer, walioelekea Kondoa Irangi mwaka ule ule, walikufa kwa mamia. Basi si ajabu mtu wa Vwawa, aonapo picha ya farasi arukaye kiunzi na mpandaji ameinama mbele, akauliza: je, huyu hatatanguliza kichwa?

Swali hilo si la ujinga. Wapanda farasi wa Ulaya nao waliogopa vivyo hivyo kwa muda mrefu. Walipofika kiunzini walijitupa nyuma, miguu mbele, mikono imekaza vigwe. Walidhani ndiyo salama, kumbe lijamu ilimkata mnyama kinywa kila arukapo, na uzito wote ukamwangukia mgongoni. Farasi akajifunza kwamba kuruka ni maumivu, akagoma. Mpandaji naye akazidi kuogopa, akazidi kuvuta.

Aliyeukata mnyororo huo ni Federico Caprilli, afisa wa askari farasi wa Italia, aliyezaliwa Livorno mwaka 1868. Aliwatazama farasi wasiopandwa wakiruka, akaona kwamba hunyosha shingo na kutua kwa miguu ya mbele. Akaona basi kwamba afaaye kubadilika ni mtu, wala si mnyama. Vikuku vifupishwe, kisigino kishuke, goti lishike, kiuno kikunjike, makalio yaachane kidogo na tandiko, na mikono ikifuate kinywa cha farasi popote kiendapo. Jambo hili la mikono ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa mwoga hushikilia kilicho karibu. Kwa hiyo wanafunzi huanzia magogo yaliyolazwa chini, na kimo hakiongezwi mpaka mikono itulie.

Wengi walimcheka. Mwaka 1902, huko Turin, akiwa juu ya farasi Meloppo, aliruka mita 2.08. Maafisa wa nchi nyingine wakaja kujifunza katika chuo cha Pinerolo, na mtindo wake ukaenea duniani. Yeye mwenyewe aliandika machache tu. Alikufa Desemba 1907, kwa kuanguka toka farasi mjini Turin, pasipokuwa na kiunzi chochote mbele yake.