Uigaji wa chanzo cha elektroni

Uigaji wa chanzo cha elektroni ni ukokotoaji kwa kompyuta wa nyuga za umeme na sumaku zinazoathiri elektroni tangu zinapochomoka kwenye kathodi ya kichapuzi cha chembe. Ugumu mkubwa uko hapo mwanzoni: elektroni zingali na mwendo mdogo, na chaji zao hasi husukumana hadi kundi likatanuka. Kadiri kasi inavyokaribia ile ya nuru, uga sumaku wa kundi lenyewe hukaribia kufuta msukumano huo. Programu ya ASTRA, iliyoundwa na Klaus Flöttmann wa maabara ya DESY nchini Ujerumani, hukokotoa uga wa kundi kana kwamba limetulia, kwa mlinganyo wa Poisson, kisha huugeuza kwa kanuni za Lorentz. Kundi lenye nanokulombi 1 lina elektroni zipatazo bilioni 6.2, hivyo chembe moja ya kompyuta huwakilisha elektroni nyingi.