Ujahiliya na Ushenzi: Istilahi za Makka na za Unyanyembe

Mwalimu wa historia anayefundisha Kitete, mjini Tabora, hukutana na maneno mawili yafanyayo kazi moja. Asimuliapo habari za Waarabu kabla ya Uislamu hukuta "ujahiliya". Asimuliapo habari za wenyeji wa Unyanyembe kabla ya misafara ya pwani hukuta "ushenzi". Je, maneno haya yanaeleza au yanahukumu? Sisi tunaoshughulika na istilahi hatuna budi kulijibu swali hili, kwa kuwa kitabu cha shule ndicho kinachomfundisha mtoto jina la kuwaita wahenga wake.

Tuanzie Uarabuni. Mtume Muhammad alizaliwa yapata mwaka 570 katika mji wa Makka, mji wa misafara ya ngamia na wa ibada kwa ajili ya Kaaba. Watu wake hawakuwa bila Mungu. Kurani yenyewe inashuhudia kwamba walipoulizwa ni nani aliyeumba mbingu na ardhi, walimtaja Allah. Walilolaumiwa ni kumshirikisha, yaani kutafuta uombezi wa miungu kama al-Lat, al-Uzza na Manat. Ujumbe ulioanza yapata mwaka 610 haukuleta basi jina jipya la Mungu, bali ulitia maana mpya katika jina la kale. Hija nayo ilikuwako tangu zamani. Makka ilipotwaliwa mwaka 630 masanamu yaliondolewa, ibada ikabaki na jina lake. Hata mzizi wa neno "kafiri" ulikuwa na maana ya kufunika, kama mkulima afukiavyo mbegu. Baadaye ukawa na maana ya kuficha neema, na kisha kukataa imani.

Kiswahili kilipoipokea dini hii huko pwani kilifuata njia iyo hiyo. Watu wengi hudhani kwamba maneno yote ya Kiislamu katika lugha yetu ni ya Kiarabu. Ni kweli kwa dini, sala, zaka na haji. Lakini yale mawili yanayobeba shahada, Mungu na Mtume, ni ya Kibantu: la kwanza lina ndugu zake katika lugha nyingi za bara, kama vile Mulungu, la pili limetokana na kitenzi "tuma". Kitenzi "funga" nacho kilipewa maana ya saumu. Kwa hiyo misafara ya karne ya 19 ilipoifikisha dini hiyo bara, ilibeba pia maneno ambayo asili yake haikuwa ngeni huko.

Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga matembe yao. Wanyamwezi, ambao walisifika kwa upagazi, walikuwa na majina yao ya Mungu mkuu: Likube, na Limatunda, yaani Muumba. Ibada za kila siku zilielekezwa zaidi kwa wahenga. Hatusemi kwamba imani hii na ile ya Makka ya kale ni moja. Twasema tu kwamba hakuna mahali ambapo Muumba alikuwa hajulikani.

Hata hivyo mtu wa pwani alimwita mtu wa bara "mshenzi", kinyume cha "mwungwana". Neno hilo lilipima cheo na desturi zaidi kuliko imani. Kipimo chenyewe kimo katika neno "ustaarabu", ambalo kwa asili lina maana ya kufuata mwenendo wa Kiarabu. Hapa pana jambo la kuzingatiwa: Waislamu wa Kiarabu waliuita wakati wa wahenga wao wenyewe "jahiliya", hali Kiswahili kililifanya jina la Waarabu kuwa kipimo cha utu uliokamilika.

Kutokana na hayo, twatoa mapendekezo matatu kwa wafasiri na walimu. Kwanza, "jahiliya" litumike pale panapoelezwa mtazamo wa Waislamu wenyewe, wala lisifasiriwe "ujinga" tu, kwani katika Kiarabu cha kale lilikuwa kinyume cha upole na busara pia. Pale panapotajwa kipindi cha historia, "Uarabuni kabla ya Uislamu" inatosha. Pili, "mshenzi" na "kafiri" yasitumike katika kitabu cha shule isipokuwa pale inaponukuliwa kauli ya watu wa wakati ule, na alama za kunukuu zioneshe hivyo. Tatu, imani za Wanyamwezi ziitwe "dini ya jadi", na majina ya Mungu yaandikwe kama wenyewe walivyoyatamka.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo madogo ya maneno. Lakini mtoto wa Kitete, awe Mwislamu, Mkristo au mfuasi wa dini ya jadi, husoma kitabu kimoja na wenzake. Istilahi inayomtukana babu wa mmoja wao haijasanifiwa, hata kama imo katika kamusi.