Utoshelevu wa Maelezo katika Maombi ya Hataza: Fundi wa Sheria na Fundi wa Moshi

Hataza ni mapatano baina ya mvumbuzi na jamii. Mvumbuzi hupewa haki ya pekee kwa muda maalumu, naye hutoa maelezo yatakayowawezesha wengine kuutumia uvumbuzi wake muda huo ukiisha. Je, maelezo hayo yawe ya kina kiasi gani? Katika kesi ya Liardet dhidi ya Johnson, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1778, Jaji Mansfield alishikilia kwamba yamtoshe fundi wa kazi husika kukitengeneza kitu chenyewe. Insha hii inadai kuwa jibu hilo hutegemea fundi huyo ni nani.

Miteremko ya Kilimanjaro inalidhihirisha jambo hili. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao cha KNPA mwaka 1925, kikafuatiwa na KNCU mwaka 1933. Kituo cha utafiti cha Lyamungu kilianzishwa mwaka 1934. Kahawa ilimenywa majumbani kwa mashine za mkono, na mashine huhitaji fundi. Hata hivyo, chini ya utawala wa Waingereza, Tanganyika haikuwa na uchunguzi wake wa hataza. Aliyekwisha kupewa hataza Uingereza aliruhusiwa kuisajili nchini ndani ya miaka mitatu. Kwa hiyo, utoshelevu wa maelezo ulipimwa kwa kumkusudia fundi wa Uingereza, lugha yake na karakana yake. Katazo la kuiga lilimfikia fundi wa Moshi. Maarifa yaliyopaswa kuwa fidia ya katazo hilo hayakuandikwa kwa ajili yake.

Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, iliyoanza kutumika mwaka 1994, iliondoa utegemezi huo na kudai maelezo yaliyo wazi na kamili kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani. Lakini tangu Tanzania ijiunge na Itifaki ya Harare mwaka 1999, ombi linaloihusu Tanzania laweza kuwasilishwa na kuchunguzwa Harare, kwa Kiingereza.

Yamkini itasemwa kwamba lugha ni suala la tafsiri tu, wala haligusi utoshelevu. Hoja hiyo haikidhi. Hataza inapokwisha muda, uvumbuzi huwa mali ya umma kwa kadiri umma unavyoweza kuusoma na kuutenda. Kwa fundi asiyeweza kuyasoma maelezo, mapatano yale yalitekelezwa upande mmoja.