Deni Linalolipwa na Majani Mabichi

Kiwanda cha chai hakina subira. Majani mabichi yakichelewa kunyaushwa huharibika, kwa hiyo msimu unapopamba moto, feni na mashine za kusagia hunguruma usiku kucha, na kuni huteketea ili kupata joto la kukaushia. Kwa viwanda vya wakulima wadogo kama Imenti, Githongo na Kionyo huko Meru, au Mungania na Rukuriri huko Embu, gharama ya nishati hiyo hutolewa kwanza. Bonasi ya mkulima ni kile kinachobaki.

Njia za kupunguza gharama hiyo zilijulikana zamani. Kilichokosekana ni fedha za kungoja. Moja ya njia hizo, kituo cha umeme wa maji, huweza kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 30, lakini benki nyingi hutaka mkopo urudi katika miaka michache tu, tena kwa riba kubwa.

Hata hivyo, wakulima wa chai walikuwa wameuonja mkopo wa muda mrefu. Shirika la kuendeleza chai la KTDA lilipoundwa mwaka 1964, Benki ya Dunia na shirika la Uingereza la CDC zililikopesha. Mkulima alichukua miche kwa mkopo, na deni likakatwa kidogo kidogo kwenye kila kilo ya majani aliyopeleka. Mwaka 2000 KTDA ikabinafsishwa.

Serikali ya Kenya ilitangaza mwaka 2008 bei maalumu ya kununua umeme kutoka kwa wazalishaji wadogo. Kiwanda cha Imenti kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kufaidika: kituo chake cha maji, chenye uwezo usiofika megawati 1, kiliendesha mashine, na umeme wa ziada ukauzwa kwa Kenya Power, kampuni ya kusambaza umeme.

Hatua kubwa ilifuata mwaka 2016. IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, pamoja na Proparco ya Ufaransa na FMO ya Uholanzi, zilikubali kuikopesha kampuni ya umeme ya KTDA dola milioni 55 kwa vituo saba vya takriban megawati 16. Viwili kati ya hivyo, South Mara na Iraru, vilipangwa kwenye mito ya Meru.

Lakini mwenye hoteli mjini Embu au jengo la maduka Makutano, Meru, hana majani ya kuweka dhamana. Kanuni za nishati za 2012 ziliwataka watumiaji wakubwa wa umeme wakaguliwe kila miaka mitatu na watekeleze angalau nusu ya akiba inayobainishwa. Pesa za kazi hiyo wajitafutie wenyewe.

Mji wa Berkeley, Marekani, ulijaribu njia nyingine mwaka 2008: gharama ya paneli za jua ililipwa pamoja na kodi ya jengo kwa miaka 20, na jengo likiuzwa, deni lilibaki nalo. Baadaye wakopeshaji binafsi waliingia katika mpango wa namna hiyo kwa majengo ya biashara.

Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimezipa kaunti za Kenya mamlaka ya kutoza kodi ya majengo na ardhi. Mabunge ya Meru na Embu yanayo pa kuanzia mpango kama huo, na wapiga kura wao wakulima wa chai wameyajua madeni marefu tangu 1964.