RANGI YA UNGA: HISTORIA YA KAZI ILIYOBEBA HELA ZA SANDUKU LETU

UTANGULIZI



Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma habari za hisa, mfuko wa jamii, na sanduku letu la kufuli tatu. Hapa tumeamua kuandika habari za rimu za magari. Wengine watacheka na kuuliza, akina mama na rimu wapi na wapi? Jibu ni kwamba mkopo mkubwa kuliko yote tuliyowahi kutoa uliingia kwenye kazi ya kupaka rimu rangi ya unga. Hela ile ilikuwa ya muuza samaki, ya mama lishe, ya mshonaji na ya mjane. Kwa hiyo ni haki kila mwanachama ajue kazi hii ilitoka wapi, inafanywaje, na hatari yake ni nini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

ZAMANI GURUDUMU LILIKUWA LA MTI

Magari mengi ya mwanzo yalikuwa na magurudumu kama ya mkokoteni: mti mgumu, pete ya chuma, na mpira juu yake. Rangi ilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilisubiri kukauka. Gari moja lingeweza kukaa wiki kadhaa kiwandani likisubiri rangi tu. Kiwanda kilihitaji mabanda makubwa ya kuwekea magari yasiyouzwa, na hela ilikuwa imelala humo. Sisi tunaoweka akiba tunajua uchungu wa hela iliyolala.

Kule Marekani, Henry Ford alianza kuuza gari lake la Model T mwaka 1908, na mwaka 1913 akaanza kuliunda kwa mstari, gari likisogea na mafundi wakisimama mahali pao. Kuanzia mwaka 1914 hadi 1925 magari hayo yalitoka kwa rangi moja tu, nyeusi. Rangi ile ilikuwa na namna ya lami ndani yake, ilikuwa nafuu, ilishika vizuri, na vyuma vingi vilikaushwa kwenye tanuri. Tangu siku hizo, kumbe, rangi ya gari na tanuri zilishafahamiana.

Miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ikaleta rangi ya kupuliza iliyoitwa Duco. Ilikauka upesi, na kampuni ya General Motors ikaitumia kutoa magari ya rangi mbalimbali. Kazi ya wiki ikawa ya siku chache. Lakini rangi hiyo ilihitaji kimiminika cha kuiyeyusha, kama thina tunayoijua sisi. Ukipuliza, thina inapanda hewani na fundi anaivuta. Harufu ile kali mnayoisikia mkipita gereji ndiyo hiyo hiyo. Tatizo hilo lilikaa miaka mingi bila dawa.

GURUDUMU LIKAWA CHUMA, KISHA ALUMINI

Magurudumu nayo yalibadilika. Mti ukaachwa, ikaja sahani ya chuma iliyokandamizwa kwa mashine, ambayo hadi leo iko kwenye magari mengi ya kazi. Chuma ni imara na hupindika kabla ya kuvunjika, lakini adui yake ni kutu.

Alumini ilianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1924 kampuni ya Bugatti huko Ufaransa ilitoa gari la mashindano, Type 35, lenye magurudumu ya alumini. Yalikuwa mepesi. Ilichukua miaka mingi kwa rimu hizo kufika kwenye magari ya watu wa kawaida, na zilienea sana kuanzia miaka ya 1970 na 1980.

Watu husema alumini haili kutu. Ni kweli haitoi kutu nyekundu, lakini huliwa na chumvi. Hutoka unga mweupe, rangi huvimba, na pale tairi linapokaa upepo huanza kuvuja. Sisi tunaokaa karibu na bahari tunaona kila siku chumvi inavyokula mabati na madirisha. Rimu haiwezi kuponea hapo.

UNGA ULIANZA UJERUMANI

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mjerumani mmoja, Erwin Gemmer, alifikiria njia ya kupaka chuma bila thina kabisa. Alichukua unga wa plastiki akauweka kwenye chombo chenye vitundu chini, akapitisha hewa. Unga ule ukawa unachezacheza kama maji. Kipande cha chuma kilipashwa moto, kikachovywa humo, unga ukashika na kuyeyuka juu yake. Mwaka 1953 aliomba hataza ya njia hiyo. Anayetaka kuelewa afikirie andazi la moto linavyobiringishwa kwenye sukari.

Njia hiyo ilifaa mabomba na vifaa vya umeme, maana rangi ilitoka nene. Kwa vitu vinavyotaka sura nzuri ilikuwa nzito mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Sames ya Ufaransa ikasaidia kuleta bunduki ya umeme. Unga ukipita kwenye bunduki unachajiwa, na chuma kinaunganishwa na waya uendao ardhini. Unga unakimbilia chuma na kukikumbatia, hata upande wa nyuma. Ni jambo lile lile la kitana cha plastiki ukichana nywele kavu, kisha kikavuta vipande vya karatasi.

Unga wenyewe nao ulibadilika. Wa mwanzo ulikuwa kama mafuta ya nazi: ukipata moto unayeyuka, ukipoa unaganda, ukipata moto tena unayeyuka. Baadaye ukaja unga ambao ni kama yai: ukishaiva haurudi kuwa mbichi. Kwanza ulikuwa wa epoksi, unaoshika sana lakini ukikaa juani unapauka na kutoa vumbi kama chaki. Miaka ya 1970 unga wa poliesta ukaenea, nao unavumilia jua. Ndiyo maana fundi mwenye akili hatumii epoksi peke yake nje ya rimu.

Sheria nazo zilisukuma kazi mbele. Mwaka 1966 eneo la Los Angeles, ambalo hewa yake ilikuwa imechafuka, liliweka kanuni ya kupunguza moshi wa thina, na mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria kubwa ya hewa safi. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda duniani, na thina inatokana na mafuta. Viwanda vikaona unga una faida: hauna thina, na ule unaodondoka unaweza kukusanywa ukatumika tena.

ILIVYOTUFIKIA SISI

Wakubwa mnakumbuka. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, na wakati wa Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, bidhaa nyingi zikaingia nchini. Baadaye magari yaliyotumika Japani yakawa mengi sana, maana Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi. Mengi yalikuja na rimu za alumini. Baadhi yalitoka sehemu za baridi ambako barabara humwagwa chumvi kuyeyusha theluji, kwa hiyo rimu zilifika bandarini zikiwa zimeshaanza kuliwa. Zikakutana na hewa yetu ya pwani, na mashimo ya barabara zetu.

Hapo ndipo vijana wa gereji walipopata kazi. Mwanzo walisugua kwa msasa, wakapiga pati, wakapuliza rangi ya kopo. Inang'aa siku ya kwanza, baada ya mvua mbili inabanduka. Aliyepata tanuri na bunduki ya unga akawa amempita mwenzake mbali.

KAZI INAFANYWAJE

Tuliitazama kwa macho yetu, tukaandika. Kwanza tairi linatolewa na rimu inakaguliwa kama ina ufa. Rangi ya zamani inaondolewa, ama kwa dawa ama kwa kupigwa chembechembe kwa upepo wa kompresa. Inaoshwa mafuta yote. Rimu ya kumiminwa inatangulizwa motoni peke yake, maana alumini ina vitundu vidogo vyenye hewa na mafuta. Usipovitoa kwanza, vitatoka wakati wa kuoka na kuacha matobo kwenye rangi.

Kisha yanazibwa matundu ya nati na mahali rimu inapokaa kwenye habu. Inaning'inizwa kwa ndoano ya chuma safi, inapulizwa unga, inaingia tanurini. Aina nyingi za unga huiva karibu nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 20. Hizo dakika huanza kuhesabiwa rimu yenyewe ikishafika joto hilo. Ukihesabu tangu kufunga mlango utatoa mkate mbichi. Rangi ikiiva vizuri unene wake ni kama maikroni 60 hadi 80, yaani haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita moja.

Hatari ziko nne, na tunaomba kila mwanachama azishike.

Ya kwanza ni nati. Rangi ikiwa nene mahali nati inapokaa, gari likitembea inasagika na nati inalegea. Daladala ya mwanachama mwenzetu ilirudishwa kutoka gereji moja rimu zikiwa zinapendeza kweli. Siku ya tatu dereva akasikia mlio, akasimama. Nati mbili zilikuwa zimelegea na ndani kuna abiria. Mungu alisaidia. Nati zikazwe kwa kipimo, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Ya pili ni ufa. Rangi nzuri inaficha ufa, haiuponyi. Rimu yenye ufa haipakwi, hata mteja akilia.

Ya tatu ni moto kupita kiasi. Rimu ya alumini mara nyingi imeongezewa nguvu kwa joto kiwandani. Ukiichoma mno unaipunguzia nguvu hiyo.

Ya nne ni vumbi. Unga mwingi ukiwa hewani kwenye chumba kilichofungwa unaweza kulipuka ukipata cheche, kama unga wa mashine ya kusaga. Tena si wa kuvutwa. Baadhi ya unga wa poliesta uliigizwa na dawa iitwayo TGIC, ambayo mwaka 1998 nchi za Ulaya ziliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kudhuru mbegu za uzazi, na watengenezaji wengi wakaanza kutumia dawa nyingine. Vijana wavae barakoa ya kweli. Kitambaa cha puani hakitoshi.

SANDUKU LETU LILIVYOINGIA

Mwanachama mwenzetu alileta ombi la mkopo kwa ajili ya karakana ya mwanawe. Kijana alikuwa ameshafanya kazi ya rangi kwa miaka, akataka tanuri lake mwenyewe. Kikao kikagawanyika. Wengine walisema, mtoto wetu tumsaidie. Wengine walisema, hela yetu ni ya mihogo na vitenge, ya tanuri hatuijui. Mama mmoja akasimama akasema, "Kama hatuijui, basi twende tukaijue." Ndilo neno lililotuokoa na ugomvi.

Tukateua watu watatu wakakaa karakanani wiki nzima na daftari. Walihesabu rimu zilizoingia na zilizotoka, gesi iliyotumika, unga uliobaki, na siku umeme ulipokatika kompresa ikasimama. Walirudi na habari ambazo mwombaji mwenyewe hakuwa nazo: faida ilikuwa inaliwa na rimu zinazorudishwa kupakwa upya kwa sababu hazikuoshwa vizuri. Kijana hakukasirika. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumhesabia kazi yake.

Mkopo ukatolewa kwa masharti: tanuri liwe na kipimajoto kinachofanya kazi, rimu yenye ufa irudishwe kwa mwenyewe, matundu ya nati yazibwe kila mara, vijana wavae barakoa, na daftari liletwe kila mwezi. Marejesho yalichelewa miezi ya masika, maana mvua ikinyesha sana watu hawaleti rimu. Lakini yalikamilika yote na faida yake, na sehemu ya faida hiyo iliingia mfuko wa jamii, ikalipia sare na madaftari ya watoto wetu.

HITIMISHO

Mwaka huu kuna ombi la pili mezani, la tanuri kubwa zaidi litakaloingiza pia mageti na madirisha. Hatuandiki haya ili kumpigia mtu kampeni. Tunaandika ili siku ya kikao kila mmoja aulize maswali yanayostahili: wateja wa mageti wapo au ni maneno? Gesi itaongezeka kiasi gani? Nani atasimamia vumbi chumba kikiwa kikubwa? Vijana walioajiriwa watalindwa vipi? Asiyeuliza akaja kulalamika baadaye, daftari litamjibu.

Kazi hii ilianza kwa mtu aliyechoka na thina, ikapita Ujerumani, Ufaransa na Marekani, ikafika kwenye karakana ya bati hapa kwetu, na ikabebwa na shilingi za akina mama wanaoamka alfajiri. 

Umoja wetu udumu, na sanduku letu lisikauke.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote