Jina la Burton: asili yake, maana yake na historia yake

Jina la Burton si geni masikioni mwa Wakristo wa Katanga na wa kando ya ziwa Tanganyika. Wengine wanalijua kwa ajili ya mmisionari William Burton, aliyefika Mwanza ya Katanga mwaka wa 1915. Wengine walilisoma shuleni kwa ajili ya msafiri Richard Burton, aliyefika Uvira kwa mtumbwi mwaka wa 1858. Kwa hiyo mara kwa mara tunaulizwa: je, hawa wawili walikuwa wa ukoo mmoja? Wako wanaojibu haraka kwamba majina yakilingana, damu inalingana, na kwamba msafiri alikuja kumtengenezea mmisionari njia. Tumeona ni vizuri kueleza jina hili limetoka wapi, kwa maana historia yake inatufundisha jambo juu ya majina yote, hata ya kwetu.

Maana ya jina

Burton ni jina la mahali kwanza, kisha likawa jina la watu. Linatokana na maneno mawili ya Kiingereza cha zamani. La kwanza ni burh, maana yake boma au ngome. Hivyo ndivyo zilivyoitwa, kwa mfano, ngome ambazo mfalme Alfred alizijenga katika karne ya 9 ili kuwazuia Wadani waliovamia inchi yake. La pili ni tun, maana yake uwanja uliozungushiwa ua, kisha shamba, kisha kijiji. Ndilo lililozaa neno la Kiingereza la leo la mji. Basi Burton ni kijiji cha boma, au kijiji kilicho karibu na boma.

Kwa kuwa maboma yalikuwa mengi, vijiji vya jina hilo vilikuwa vingi vilevile. Ili kuvitofautisha, watu waliongeza neno jingine: Burton upon Trent, yaani Burton iliyo juu ya mto Trent, Burton Latimer, kwa jina la jamaa iliyomiliki ardhi, Burton Agnes huko Yorkshire. Iliyojulikana zaidi ni ile ya mto Trent. Nyumba yake kubwa ya watawa ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 11, na mfalme Henry wa Nane akaifunga mwaka wa 1539. Leo mji huo unasifiwa kwa bia, kwa sababu maji ya visima vyake yana madini ya jasi.

Tena si kila Burton ina boma ndani yake. Burton Bradstock, kusini mwa Uingereza, ilipata jina kutoka mto Bride unaopita hapo. Kwa karne nyingi matamko yalibadilika mpaka yakafanana na yale mengine. Kwa hiyo hata vijiji vyenyewe vyaweza kuwa na jina moja na asili mbili.

Jinsi jina la kijiji lilivyokuwa jina la ukoo

Waingereza hawakuwa na majina ya ukoo tangu zamani. Mtu aliitwa jina lake moja, na likiwa la watu wengi, majirani waliongeza alama. Alama hizo zilikuwa za aina nne: jina la baba, kama Johnson, mwana wa John, kazi, kama Smith, mhunzi, sura au tabia, kama Long, mrefu, na mahali, kama Burton. Baada ya Wanormandi kuishinda Uingereza mwaka wa 1066, wakubwa wenye ardhi walianza kuwarithisha watoto wao alama hizo. Watu wa kawaida waliwafuata polepole, na kufikia karibu mwaka wa 1400 jamaa nyingi za Uingereza zilikuwa na jina linalorithiwa.

Tuangalie jambo moja. Ndani ya kijiji cha Burton hakuna aliyehitaji kuitwa «wa Burton», kwa maana wote walikuwa wa Burton. Jina hilo alipewa yule aliyeondoka, alipofika ugenini na wenyeji wakamuuliza anatoka wapi. Ni jina la mhamaji. Watu walioondoka katika vijiji mbalimbali, katika nyakati mbalimbali, bila undugu wowote, walipata jina lilelile.

Mfano mzuri wa desturi hiyo uko katika safari ya Richard Burton mwenyewe. Mmoja wa waliomwongoza aliitwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa Uhindi, akarudi Zanzibar baada ya bwana wake kufa. Jina la mji wa Uhindi lilimfuata. Burton na Bombay walitembea pamoja, kila mmoja akibeba jina la mahali ambapo si mahali pa damu yake.

Kazi ya vitabu vya kanisa

Mwaka wa 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry, aliamuru kila parokia ya Uingereza iandike katika kitabu ubatizo, ndoa na maziko. Serikali yenyewe ilianza kuandikisha vizazi na vifo katika Uingereza mwaka wa 1837 tu. Kwa miaka karibu 300 kalamu ya kanisa ndiyo iliyohifadhi majina ya maskini na ya matajiri. Lakini padri au karani aliandika kama alivyosikia, hata jamaa moja ikaonekana leo kama Burton, kesho kama Bourton.

Waliojulikana kwa jina hili

Robert Burton (1577–1640) alikuwa mchungaji na mwalimu wa Oxford. Mwaka wa 1621 alitoa kitabu kikubwa juu ya huzuni ya moyo, ugonjwa ambao yeye mwenyewe aliufahamu.

Richard Francis Burton (1821–1890) alikuwa askari, msafiri na mjuzi wa lugha nyingi. Yeye na Speke waliliona ziwa Tanganyika Februari 1858, na miezi miwili baadaye, huko Uvira, walielezwa na wenyeji kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Aliandika mengi ya thamani, lakini pia aliwadharau Waafrika katika vitabu vyake, na hakuwapenda wamisionari.

William Burton (1886–1971), fundi kutoka Liverpool, alifika Mwanza pamoja na James Salter. Alikaa Kongo zaidi ya miaka 40, na kazi waliyoianzisha ndiyo iliyozaa Communauté Pentecôtiste au Congo. Alikusanya methali za Waluba na kuandika juu ya desturi zao, hata zile alizozipinga.

Hakuna kinachowaunganisha watu hawa katika jina lenyewe isipokuwa boma la zamani. Yeyote anayetaka kuwahukumu au kuwasifu, aangalie matendo ya kila mmoja.

Jina bila damu

Wako pia waliolipata kwa njia nyingine. Mchezaji wa filamu Richard Burton alizaliwa Wales mwaka wa 1925 akiitwa Richard Jenkins. Mama yake alikufa mtoto huyo akiwa hajatimiza miaka miwili. Mwalimu wake, Philip Burton, alimchukua nyumbani na kutaka kumfanya mwana wake, lakini sheria ilidai tofauti ya umri wa miaka 21, na zilipungua siku 20 tu. Akawa mlezi wake, na kijana akachukua jina la yule aliyemlea.

Huko Marekani hali ilikuwa chungu. Utumwa ulipokomeshwa mwaka wa 1865, watu wengi weusi walibaki na majina ya Kiingereza, mengine yakiwa ya waliowamiliki. Mwaka wa 1977 televisheni ya Marekani ilionyesha Roots, hadithi ya Alex Haley juu ya Kunta Kinte, kijana wa Gambia aliyeuzwa ng'ambo na kupigwa mijeledi mpaka akalitamka jina jipya, Toby. Kijana Mmarekani mweusi aliyemwigiza Kunta Kinte anaitwa LeVar Burton.

Na sisi?

Kwetu Kongo mtoto mara nyingi hupewa jina la babu au bibi, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti. Sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987 inataka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wetu. Ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika wanajua taabu yake: ofisi inauliza mbona mtoto hana jina la baba, kana kwamba si wake. Tuwajibu kwa utulivu kwamba hata Waingereza waliishi hivyo karne nyingi, na kwamba jina moja halikuwafanya kuwa jamaa moja.

Kwa upande wetu, tuandike vizuri. Kadi ya ubatizo, cheti cha shule na kadi ya uchaguzi zikitofautiana kwa herufi moja, mjane au yatima anaweza kurudishwa mlangoni mara kumi. Wachungaji na makarani wa parokia, ulizeni wazazi jina linaandikwaje, someni mbele yao mlichoandika, kisha ndipo mtie sahihi.