Mahakama ya Kimbari Arusha: Kazi ya Kumtambua Mtu

Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 955 na kuunda Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Februari 1995 Arusha ikateuliwa kuwa makao. Wenyeji tulijawa fahari. Jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC), ilimowekwa mahakama, lenye sehemu zake tatu za Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, lilijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu Jumuiya ivunjike mwaka 1977 tulikuwa tukilipita kama nyumba ya marehemu. Sasa taa zikawaka tena hadi usiku.

Nimeombwa kuandika historia ya mahakama nzima, lakini moyo wangu unavutwa na kazi moja: utambuzi. Majaji wamesifiwa sana, na wanastahili. Waliotuwekea msingi, kwa maoni yangu, ni wale waliopiga magoti udongoni.

Kati ya Desemba 1995 na Februari 1996, kabla mshitakiwa yeyote hajakanyaga Arusha, timu ya wataalamu wa mifupa chini ya William Haglund, Mmarekani aliyetokea ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Seattle, ilifukua kaburi la halaiki kando ya kanisa la Kibuye, juu ya Ziwa Kivu. Ilitoa miili karibu 500, wengi wao wanawake na watoto. Kila mwili ulipewa namba, kisha wakaanza kutafuta jina. Nguo zilifuliwa na kutandazwa hadharani, wakaitwa walionusurika. Watu walipita taratibu, wakigeuza kola ya shati, wakitazama kiraka walichokishona wenyewe. Wachache sana walipata ndugu zao, kwani ukoo mzima ulikuwa umelala kaburini, hakubaki wa kutambua. Mifukoni mwa baadhi ya marehemu kulikutwa vitambulisho vyenye kabila la mwenyewe. Kadi ile ile iliyomuua mtu kwenye kizuizi cha barabarani ndiyo iliyomrudishia jina. Haglund alikuja kutoa ushahidi huo Arusha katika kesi ya Kayishema na Ruzindana, waliotiwa hatiani Mei 1999.

Rais wa kwanza wa mahakama yetu alikuwa Jaji Laïty Kama wa Senegal, Mungu amrehemu. Watuhumiwa wa kwanza waliletwa kutoka Zambia Mei 1996 na kuwekwa mahabusu ya Kisongo. Tarehe 9 Januari 1997 kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ikaanza mbele ya majaji Kama, Lennart Aspegren na Navanethem Pillay. Mashahidi walisafirishwa kutoka Rwanda, wakaketi nyuma ya pazia, wakaitwa kwa herufi tu: Shahidi J, Shahidi JJ. Nililitafakari jambo hilo mara nyingi: tulificha majina ya walio hai huku tukihangaikia majina ya wafu. Kisha shahidi angeulizwa kama anamwona mshitakiwa ukumbini, na mkono ungenyooka. Hapo hata wakalimani walishusha pumzi.

Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza duniani kutolewa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ilitamka kwamba ubakaji waweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Ilisomwa hapa, chini ya Mlima Meru.

Miaka ile ilikuwa na mitihani yake. Utawala wa mahakama ulipangwa upya mwaka 1997, na mwishoni mwa 1999 uhusiano na Kigali uliyumba kwa muda. Tuliivuka.

Baada ya Kama waliongoza Pillay, Erik Møse, Dennis Byron, Khalida Rachid Khan na Vagn Joensen. Hassan Bubacar Jallow aliendesha mashitaka kuanzia 2003. Watu 93 walishitakiwa. Milango ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015, na kazi iliyobaki ikachukuliwa na Mfumo wa Mabaki wa Umoja wa Mataifa, chombo cha kumalizia kazi hiyo, ambao Novemba 2016 ulifungua majengo yake Lakilaki.

Chini ya Mfumo huo utambuzi ulirudi kwa njia ya vinasaba. Mei 2020 Félicien Kabuga, mtuhumiwa aliyekuwa mafichoni, alikamatwa karibu na Paris akitumia jina jingine. Sampuli iliyochukuliwa Ujerumani mwaka 2007 ikamtambulisha. Wiki hiyohiyo mabaki yaliyokuwa Pointe-Noire yalithibitishwa kuwa ya mtoro mwingine, Augustin Bizimana. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Protais Mpiranya, aliyefariki Harare mwaka 2006 na kuzikwa kwa jina la kubandika. Mei 2024 yakafungwa majalada mawili ya mwisho ya watoro, la Ryandikayo na la Charles Sikubwabo, wote wamekwisha kufa. Sikubwabo alikuwa meya wa Gishyita, mkoa wa Kibuye, ambako Haglund na wenzake walichimba katika baridi ya asubuhi ya ziwani, wakiandika namba kwenye mifuko.